Ndizi Ndani ya Boti la Mpira

Kazi yangu ni kufua vitu ambavyo watu wengine wameshindwa kuvifua. Mahema ya wapanda mlima, mifuko ya kulalia, maturubai yaliyomwagikiwa supu huko juu Meru, vyote vinaletwa kwangu Akheri kwa sababu nina uwanja wa nyasi, nina mfereji usiokauka, na nina mikono. Mume wangu alikuwa akiwaambia watu, "Huyu hata dhambi ukimletea anazitoa." Nilikuwa namwambia anyamaze. Lakini nilipenda, nisiwe mnafiki.

Siku aliyoanza kuumwa ndiyo siku niliyomaliza boti. Lilikuwa boti la mpira, la kujaza upepo, mali ya kijana mmoja anayetembeza wageni kwenye ziwa Duluti. Lilikuja likiwa na ukijani wa ziwa tumboni, na gundi ya viraka vya zamani imeshika vumbi mpaka imekuwa nyeusi. Nililisugua kwa brashi laini na sabuni ya vyombo, taratibu, maana mpira haupendi hasira, mpaka rangi yake ya maziwa ikarudi. Mume wangu akalijaza upepo kwa pampu ya mguu, tukaliacha nyuma ya nyumba likauke. Jioni akasema kifua kinambana. Asubuhi nilikuwa mjane.

Msiba wenyewe siwezi kuueleza vizuri. Mke wa marehemu anakaa chini kwenye godoro, watu wanaingia wanalia, wanatoka, wengine wanaingia. Walikuja wenzake wa karakana ya useremala kule Ngarenaro. Ndugu zake walikuja na lori kutoka Oldonyo Sambu. Kwaya ilikuja yote, na watu ambao mpaka leo siwajui. Nilichokisikia muda wote ni sahani. Kila aliyekuja alikula ndizi nyama ya moto, na hakuna hata mmoja aliyeingia kuniuliza chumvi iko wapi. Wakati ule sikuliona kama ni jambo.

Matanga yakaondolewa, wageni wakatawanyika. Simu ikaita. Ni yule kijana wa boti.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba. Samahani kwa kukusumbua, Jumamosi nina kundi la wageni. Boti liko tayari?"

"Marahaba baba. Liko tayari, liko tayari kabisa," nikasema, nikajifunga kanga nikaenda nyuma ya nyumba.

Jamani! Ndani ya boti mlikuwa na madoa meusi tii, kuanzia chini mpaka kwenye kingo. Utomvu wa ndizi. Aliyewahi kumenya ndizi mbichi anajua: utomvu ukishashika nguo, nguo hiyo inahamia shambani. Na ndizi zikishamenywa lazima zilowekwe kwenye maji, la sivyo nazo zinageuka nyeusi kabla hazijafika jikoni. Wapishi wa msiba wangu walihitaji beseni kubwa, wakaliona boti.

Mimi nina mdomo, sikatai. Nikasimama kwenye uzio nikamwita jirani yangu, mama aliyesimamia jiko siku zote zile.

"Mama wewe! Nani ametia ndizi kwenye boti la watu?"

Akaja anajifuta mikono, hana hata aibu. "Sisi. Kwani tungefanyaje? Mabeseni yote yalijaa na watu wanazidi kuingia."

"Ni boti hilo!"

"Tuliona ni safi. Lilikuwa safi kuliko masufuria ya kanisani. Lingekuwa chafu tungeligusa?"

Nikawaka zaidi. Nikamwambia mshahara wa mume wangu umezikwa naye, kazi hii ndiyo imebaki. Kijana akilikuta boti hivi, mji mzima utajua, maana watu wa utalii wanajuana wote. Nani ataniletea hema tena? "Mmelisha wageni," nikamwambia, "sasa mimi nitakula nini?" Halafu nikalia palepale kwenye uzio, kilio ambacho hata makaburini sikukilia.

Mama yule akageuka, akaenda zake. Nikajua nimemuudhi, na sikujali.

Nikaanza peke yangu. Wanaomenya ndizi hujipaka mafuta ya kula mikononi ili utomvu usiwagande, kwa hiyo nikaanza na mafuta, nikipaka na kungoja, nikipaka na kungoja. Ule unato ukaanza kuachia. Weusi haukutikisika.

Mara nasikia sauti. Jirani amerudi, na nyuma yake wapishi wote wa msiba, kila mmoja na dawa yake mkononi.

"Weka mafuta ya taa," akasema mmoja.

"Yatakula gundi, tubaki na viraka mkononi."

"Basi stilwaya."

"Thubutu!"

Wifi yangu, dada wa marehemu, hakuuliza mtu. Alikuwa ameshanyunyiza magadi. Tukasugua pembe moja, na doa likawa jeusi kuliko lilivyokuwa. "Wifi, umenimaliza!" nikapiga kelele. Akashika kichwa kwa mikono miwili, maskini, na magadi yote yakamwagika kwenye gauni lake.

Lakini hapo ndipo nilipopata akili. Kama magadi yanalitia weusi, kitu kichachu kitaurudisha nyuma. Nikasema nataka malimau. Jirani akapita nyumba hadi nyumba, akarudi na ndoo imejaa. Tukaosha magadi, tukakata malimau, tukasugua, tukaacha jua lifanye kazi yake. Tatizo likawa jua lenyewe, kwa sababu mlima ulikuwa umejifunika mawingu na Jumamosi inakuja. Tulirudia, tukangoja, tukarudia.

Katika kungoja nikauliza, "Hivi ndizi zote zile zilitoka wapi?" Maana mgomba wangu uliozaa ni mmoja tu, na mkungu wake ulikuwa bado mchanga.

Wakatazamana. Wifi ndiye aliyesema. "Walikata zao. Huyu jirani yako alikata mikungu yote aliyoiweka ya kupeleka sokoni. Na huyu hapa alikata na ile isiyokomaa vizuri."

"Ah, mambo ya msiba hayo," jirani akasema, akainama kusugua mahali palipokuwa pameshatakata.

Niliona aibu, na niliona pia furaha, vyote kwa pamoja. Nikawaambia asanteni. Neno lilikuwa dogo, nikalirudia. Wakaniambia acha maneno, sugua. Mmoja akaingia ndani ya boti na miguu yake mikubwa iliyooshwa, akashika ufagio, akaanza kupiga makasia kwenye nyasi akielekea kwenye banda la ng'ombe. Nilicheka mpaka nikaogopa, maana sikujua kama mjane anaruhusiwa. Hakuna aliyenikataza.

Ijumaa mchana mlima ukafunguka, jua likawaka kama limeitwa. Jioni boti lilikuwa jeupe. Kijana alikuja asubuhi, akapitisha mkono ndani yote, akainusa mikono yake. "Mama, mbona linanukia limau?"

"Hiyo ndiyo dawa yangu."

Akalipakia kwenye gari. Baadaye akarudi na mahema, na wenzake wakaja na ya kwao, na mimi nikaendelea kula.

Siku moja nikiwa mitumbani niliona bwawa la watoto la kujaza upepo, la bluu, lenye picha za samaki. Nikalinunua palepale. Tangu siku hiyo, ukitokea msiba au harusi huku kwetu, linakwenda kulowekewa ndizi, na mimi naenda nalo kumenya. Samaki hawaonekani tena, ni weusi mtupu. Wateja wangu wakilikuta limeanikwa kwenye uzio wananitania, "Mama, fundi mzima wa madoa, hilo limekushinda?"

Nawaambia hilo silifui. Nalisuuza kwa maji safi tu, nalikunja, nalitundika nje karibu na mlango, ili atakayelihitaji achukue bila kuingia kuniuliza.