Miti Mitatu Kwenye Maporomoko

Siku ile naikumbuka kama naiota, mwanangu. Ukungu wa maporomoko ulikuwa bado umelala juu ya maji, na mimi, mwanafunzi wa falsafa, nimerudi nyumbani likizo na kichwa kikubwa kuliko kikapu cha kuvulia.

Mwalimu alikuwa ametufundisha ubishi wa wanafalsafa wa Ulaya ya kale: je, haki ni haki kwa sababu Mungu ameamua hivyo, au ni kweli ya lazima, kama mbili na tatu kuwa tano, ambayo hata Mungu haigeuzi? Mimi nilishika la kwanza. Mwenye amri ndiye mwenye haki, basi!

Tonton, yaani ami yangu, mkubwa wa familia, alitaka nafasi ya kuvulia ya Mama Veronika, mjane wa ndugu yake. Marehemu ndiye aliyesimamisha pale miti mitatu, iliyoegemeana na kushikilia vikapu vya kuvulia, katikati ya maji makali, na mjane na binti yake walikula kwa samaki wa pale. Wazee wakakutana juu ya mwamba. Tonton akanipa neno, nami nikajigamba: "Mukubwa akisema, iko haki. Donc, basi, nafasi iko yake."

Wazee wakaitikia. Kisomo hicho! Mama Veronika hakulia. Aliniuliza polepole, "Mutoto yangu, mukubwa akisema miti mbili inatosha, itasimama?"

"Hapana, mama."

"Bon. Na akisema kuninyanganya iko muzuri, itakuwa muzuri?"

Jibu nilikuwa nalo. Lakini niliona haya kuyameza maneno yangu mbele za watu, nikanyamaza. Tonton akachukua nafasi, mama akavuka mto kwenda kulima Lubunga, akafia huko. Majuto ni mjukuu, mwanangu. Mpaka leo nikisinzia mchana namsikia ndani ya maji, ananiuliza tena.

Sasa mkubwa wa familia ni mimi. Juzi nilimwita binti wa Mama Veronika, nikamwonyesha miti: "Rudia pahali pako." Akataka kunishukuru, nikamkataza. Sikumpa kitu. Miaka yote tuliyokula samaki wale, nafasi ilikuwa yake.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Mpishe njiani, mwanangu, usimpishe moyoni. Haki haitoki kinywani mwa mkubwa. Ilikuwapo kabla hajafumbua kinywa, na ukiiona, iseme palepale. Mungu, ambaye hata yeye haigeuzi haki hiyo, akupe ulimi usiochelewa kama wangu.