Mkono wa Juu wa Mama Mkwe

Wenzake walimwita Kimya, jina la ajabu kwa fundi wa sauti, lakini mwenyewe maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Alikuwa amepeleka posa, na mama wa mchumba wake akagoma kuijibu. "Huyo wa nyaya haongei," alisema. "Mwanangu atazungumza na nani, na kuta?"

Ikaja jioni ya tamasha: mama huyo ndiye aliyekuwa mwimbaji, na Kimya ndiye aliyekaa nyuma ya ukumbi kwenye mashine ya sauti. Jasho lilimtoka kabla hata ya wimbo kuanza.

Kati ya jukwaa na mashine watu hawaitani, wanaongea kwa mikono. Kidole au mkono juu ni kusema niongezee sauti kwenye spika iliyo miguuni pangu. Kidole chini, punguza. Mama alianza vizuri, kisha akainua mkono. Kimya akaongeza. Mkono ukapanda zaidi. Akaongeza tena, kwa heshima zote. Mkono ukabaki juu unatetemeka, naye maskini akazidi kuongeza mpaka spika ikapiga yowe, watu wa mbele wakaziba masikio, na mama akamkata jicho.

Kumbe, kama mchumba wake aliyekaa jirani alivyomnong'oneza, hakuwa akiomba chochote. Mama yule akiguswa na wimbo, mkono hujiinukia wenyewe.

Kimya alitamani ardhi immeze. Lakini wimbo ulipoisha alitembea mpaka jukwaani, mbele za watu wote, akachuchumaa.

"Mama, nisamehe. Mkono wako nimeusoma vibaya."

"Kwa hiyo niimbe nimefungwa mikono kama mwizi?"

"Hapana, mama. Inua utakavyo, sitagusa kitu. Usipoisikia sauti yako, shika sikio."

"Kumbe unaongea," mama alisema, akibana kicheko.

Wimbo wa pili, mkono ulipaa mbinguni, na Kimya akatulia tuli. Katika ubeti wa pili mama akashika sikio. Kimya akamwongezea kidogo tu, na uso wa mama ukachanua. Akashika tena, akapewa tena. Walielewana kama watu waliolelewa nyumba moja.

Makofi yalipotulia, mama hakutumia mkono wala sikio. Aliinamia maikrofoni.

"Asante, mkwe wangu. Sasa punguza kidogo."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mchumba akaficha uso, akicheka na kulia. Kimya, ambaye hakuwa amewahi kupuuza ishara kwa makusudi, hakupunguza hata chembe: neno "mkwe" alitaka lisikike mpaka nje.