Pakiti Ndogo za Wamaza

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua kama ni siku ya kazi. Asubuhi niliondoka Kasongo nyuma ya pikipiki iliyokuwa na nafasi, bila mpango. Nilikuwa na mvi tayari, na shule niliiacha mapema. Huko Kabambare niliona mafundi wakipandisha antena juu ya ofisi ya afya, nikashika kamba. Jioni Mkuu wa Kompyuta, mwanamke tuliyemwita Mama Chef, akaniambia, "Papa, kesho unarudi."

Alikuwa ameigawa kompyuta moja kuwa mashine kadhaa za ndani, kila moja ikifanya kazi kama kompyuta kamili. Moja ilipokea ujumbe wa zahanati kuhusu wagonjwa na dawa. Mkurugenzi wa afya alikuwa anakuja kutoka Kindu kupima kasi ya mashine hiyo. Asiporidhika, angeichukua kompyuta, na muuguzi wa zahanati ya mbali ya Wamaza angerudi kutuma mtu kwa miguu kuomba dawa.

Tulijaribu kwa pakiti kubwa, yaani mafungu makubwa ya data. Kasi ikapanda vizuri sana.

"Tuache hivi, Mama Chef," nikasema. "Mugeni anapikiwa kuku, hapewi mboga ya sombe ya jana."

"Na mugeni akienda, Papa, utakula nini? Ujumbe ya Wamaza iko midogo."

Akapunguza ukubwa wa pakiti. Kasi ikaanguka. Akanieleza: kwenye barriere, kizuizi cha barabarani, kila pikipiki inasimama, iwe imebeba gunia au bahasha. Mashine ya ndani nayo huisimamisha kila pakiti ili kuipokea. Zikiwa ndogo, kusimama kunakuwa kwingi na data inayopita ni kidogo.

Mkurugenzi alionyeshwa vipimo vyote viwili.

"Hii mubaya munanionyesha ya nini?"

"Ndiyo kazi yetu ya kila siku, Chef," Mama Chef akamwambia.

Mkurugenzi akauliza ni mashine gani ya ndani isiyotumika. "Ile ya mafunzo," Mama Chef akajibu.

"Muifunge, ile ingine ipate nguvu. Na ujumbe ikusanywe kwanza, itumwe pamoja."

Kompyuta ikabaki. Nimeihudumia hadi kustaafu. Ninyi vijana mtakaopima mashine, pimeni kwa mzigo ambao watu wanautuma kweli.

Juzi nilifika Wamaza, mahali nilipokuwa sijawahi kukanyaga. Muuguzi alikuwa ameomba dawa ya malaria; jibu likaingia tukisalimiana.

"Inakuja na pikipiki ya kesho," akasema. "Na weye Papa, unalala wapi?"

"Sijui bado."

"Basi leta mufuko. Chumba iko."