Mzee Aliyenisindikiza Hadi Shuleni

Mimi ni mtu wa Usumbura, na hapa Gisenyi ninawafundisha mila na desturi vijana wanaosomea ualimu. Wiki iliyopita somo lilikuwa kumsindikiza mgeni. Mwenye nyumba hageuki mpaka mgeni amwambie arudi, na mgeni asiyesema hivyo hana adabu. Niliyaeleza hayo kwa majivuno.

Jumapili nikaenda Nyamyumba kumwamkia baba yake Kaspari, mwanafunzi wangu. Nilipoaga, mzee alichukua fimbo akanisindikiza, huku akinisimulia habari za ng'ombe wake. Tangu nihamie mji huu sikuwa nimetembea na mtu. Nikajiambia nitamrudisha tukifika kwenye migomba. Migomba ikapita. Basi, kwenye kijito. Tulivuka kijito, mzee akaanza kuchechemea, nami nikamuuliza habari za ng'ombe mwingine.

Tukatokea uwanja wa shule, wanafunzi wote wa bweni wameketi nje. Kaspari akaja mbio.

"Baba, kuko nini? Umefika mpaka huku?"

Mzee aliegemea fimbo akihema, akajibu naye kwa Kiswahili ili nami nisitengwe.

"Mwalimu yako hajaniambia nirudi."