Hodi Iliyobaki Kwenye CD

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya neno moja. Nikilisema mapema, si nitaharibu wimbo? Nikichelewa, si ukumbi mzima utageuka kunitazama? Na je, likitoka limepinda kwa huu mdomo wangu uliozoea Kiingereza? Mama alinisikiliza huku akikanda unga wa chapati mpaka akachoka. "Wewe nawe! Kusema karibu tu kunahitaji digrii ya pili?"

Mambo haya yalianzia nyumba ya pili kutoka kwetu, mtaa wa Erdington huku Uingereza, nilipokuwa mtoto. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kiayalandi aliyepiga fidla katika bendi ya nyimbo za kwao. Mama ni muuguzi, na siku za zamu nilishinda kwa huyo jirani. Nilimwita Babu, na hakuna aliyenisahihisha. Mke wake alinipa mkate wa soda, ule usiotiwa hamira, uliotoka kwenye oveni muda huo, siagi ikinichuruzika viganjani, na chai nyeusi kali ambayo mama aliiita dawa ya minyoo.

Jumamosi bendi ilifanya mazoezi sebuleni: fidla, kodiani, filimbi ya bati na ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi. Unazijua nyimbo zile? Zinazunguka na kuzunguka, unadhani zimeisha, kumbe ndiyo kwanza zinapamba moto. Miguu yao ilipiga sakafu mpaka vikombe vikalia kabatini. Sidhani kama nimewahi kujiona salama mahali popote kama pale kwenye zulia, katikati ya viatu vya watu wazima wenye furaha.

Siku ya kurekodi CD yao nilipewa kazi: kufunga madirisha ili mabasi yasisikike, kuziba chini ya mlango kwa taulo, kuzima friji isingurume. Halafu Babu akaweka kidole mdomoni. "Sasa, bibie, hata panya asipumue." Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili. Wakaupiga wimbo wao mrefu kuliko zote, vizuri kuliko siku zote, na fidla ilipokuwa ikitoa mlio wa mwisho, mlango ukagongwa.

"Hodiii!"

Mama alikuwa ametoka zamu mapema. Nami, niliyefundishwa kwamba hodi haiachwi bila jibu, nilimtazama Babu, nikabaki nimejiziba mdomo.

Waliangua kicheko. Mpiga kodiani alitaka warudie. Babu akakataa katakata. Hodi ya mama ikabaki kwenye CD, ikauzwa baada ya misa, ikasikika jikoni kwa watu wasiojua maana yake. Tangu hapo, kila walipomaliza wimbo ule mbele ya watu, Babu aliinua upinde, akaita "Hodi!" kwa lafudhi yake ya Kiayalandi, akanitafuta kwa macho. Nilijificha nyuma ya koti la mama. Nilipokua, nikajificha nyuma ya simu. "Haidhuru," alikuwa akisema. "Nasubiri mlangoni."

Mwaka huu nyumba imeuzwa. Babu na mkewe wanahamia Ayalandi kwa binti yao, na bendi ikapanga kupiga mara ya mwisho katika ukumbi wa kanisa. Mpiga filimbi alishafariki. Lile zulia nililiona limekunjwa nje ya mlango, likisubiri gari la taka. Nilitaka kumshukuru Babu. Nikaandika ujumbe, nikafuta, nikaandika tena. Kila neno lilikuwa dogo mno kwa mikate ile, kwa jioni zile, kwa mtoto aliyesubiri mama yake bila hata mara moja kuogopa. Na yeye miaka yote ameomba jibu moja tu. Akiondoka bila hilo, nitampa nani?

Basi nilikwenda. Nilikaa mstari wa mbele, mama ubavuni. Wimbo ukazunguka, ukazunguka. Vidole vya Babu si vyepesi tena, lakini mguu wake ulipiga sakafu vile vile. Upinde ukainuka.

"Hodi!"

Nikasimama. "Karibu, Babu!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Karibu siku zote!"

Akashusha fidla.

"Aa," akasema, "nilidhani humu hamna watu."