Mnara wa Kisumu umenikaribisha nyumbani

Leo mtu amenikaribisha nyumbani, na hata hanijui.

Najifunza kuongea na mnara wa kuongoza ndege kwa redio. Ndege ni ya gemu kwa kompyuta, lakini anayeniongoza ni mtu wa kweli, anajitolea huko mtandaoni.

Sheria ni hii: ukipewa maagizo, unayarudia.

Nikapita juu ya mpunga wa Ahero, nikatua Kisumu. Akasema, "Karibu nyumbani, bwana."

Si nikarudia: "Karibu nyumbani, bwana."

Akacheka. Nikacheka pia, nikangoja aongeze kitu. Kumbe ashaita ndege nyingine.

Tangu tumzike Mama, hakuna aliyeniambia hivyo hapa nyumbani.

Kwenu ni nani husema hivyo mkifika?

Mimi nimezima kompyuta, nikarudia tena maneno yale. Hakuna aliyecheka.