Hakuna Kuingia Bila Koti

Nilikabidhiwa wazee watano niwasimamie kazini nikiwa na umri wa vitindamimba wao, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama ninaijua kazi. Walichotaka kujua ni baba yangu ni wa rika gani.

Hii ilikuwa Eldoret, mji ambao wazee wale bado waliuita Sisibo, kwa namba 64 ya shamba ulipojengwa, miaka michache baada ya uhuru. Masetla, wale walowezi wa kizungu, walikuwa wanauza mashamba na kufunga mizigo. Hoteli moja karibu na stesheni ya reli nayo ilikuwa imeuzwa pamoja na viti, sahani na wahudumu wake. Aliyeinunua alikuwa Msomali mwenye malori, mtu mpole wa sauti ya chini, ambaye hakuwahi kula kwa uma na hakuona sababu ya kuanza. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha upishi na mambo ya nyumbani. Nilimwambia tajiri huyo bila kupepesa macho kwamba chumba chake cha kulia nitakiendesha vizuri. Nilikuwa na cheti, viatu vya kisigino na hasira za karibu, nikadhani vinatosha.

Mkuu wa wahudumu alikuwa mzee mrefu mwenye kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na tarbushi ambayo hakuivua hata jikoni. Alikuwa ameanza kazi pale akiwa kijana wa kusugua sufuria. Nilipomtajia rika la baba yangu, aliridhika.

"Basi mimi ni baba yako," akasema. "Umefika nyumbani."

Mtu asiye wa kwetu angedhani hayo ni maneno ya adabu tu. Kwetu ni sheria. Mzee wa rika la baba yako ni baba yako, na baba hatumwi kama mtoto. Kuanzia siku hiyo nikawa meneja wa baba yangu. Sikuweza kumwambia, "Badilisha kitambaa cha meza ile." Nilisema, "Mzee, ile meza inanisumbua roho." Naye alikuja, tukaitazama meza pamoja, akanipa pole, akaenda zake. Kitambaa nilibadilisha mwenyewe.

Lakini shida kubwa haikuwa vitambaa, ilikuwa mlango. Mzee alikuwa na amri aliyoachiwa na wenye hoteli wa kwanza: hakuna mtu kuingia chumba cha kulia bila koti na tai. Wenye makoti na tai walikuwa wamebaki wachache, wote wangetosha meza moja. Watu waliojaa mjini walikuwa wanunuzi wa mashamba. Walitoka Moiben, walitoka Timboroa, wakaja kufanya mikutano ya kampuni zao za hisa wakiwa na viatu vya mpira vya gambuti, sweta za kufumwa na makabuti ya vita yanayonuka kondoo. Walikuwa na njaa na pesa za kulipia chakula. Mzee aliwarudisha mlangoni kwa heshima kubwa, mpaka wengine walimshukuru kabla ya kwenda kula kwa jirani. Siku moja nilimwonyesha kwamba mgeni fulani amevaa kabuti, na kabuti ni koti.

"Kabuti si koti, Madam," akasema. "Kabuti ni blanketi yenye vifungo."

Tajiri alikuwa na kawaida ya kukaa meza ya pembeni akinywa chai yake ya maziwa, akihesabu viti vitupu. Siku moja akaniita.

"Dada, mimi nilinunua hoteli ama nilinunua kanisa ya wazungu? Mbona watu wanafukuzwa?"

Nikamwambia ni mzee.

"Mzee ni mtu mzuri, lakini wakati yake imeisha. Niko na mpwa wangu ametoka Nairobi, atachukua hiyo kazi. Mwisho wa mwezi mzee aende nyumbani. Wewe utamwambia."

"Kwa nini mimi?"

Akanishangaa. "Mimi nitamwambiaje? Huyo ni mtu mzima."

Basi mzigo ukawa wangu. Kila asubuhi nilikwenda jikoni nikiwa nimeyapanga maneno, na kila asubuhi mzee alinipiga chenga. Alinivutia kiti, akanimiminia chai, akaanza salamu. Aliuliza hali ya baba, akauliza hali ya mama, akaingia kwenye ng'ombe. Ng'ombe wetu aliwajua mmoja mmoja, kwa sababu nilishamsimulia, na alitaka kujua kama yule mwenye titi bovu amepona. Tulipomaliza ng'ombe, kikombe kilikuwa kitupu, akaongeza. Sasa wewe niambie, utamfukuzaje kazi mtu aliyeinama akikumiminia chai? Mpwa wa tajiri alikuwa ameshaanza kuja hotelini kuzoea mazingira. Alikuwa kijana wa masharubu membamba, anayetembea haraka hata akiwa hana pa kwenda, na nilimchukia kutoka siku ya kwanza.

Nikaamua kwamba nikikijaza chumba, huenda tajiri akabadili nia. Ndipo siku moja nikapandwa na mori, nikasahau rika. Nilisimama katikati ya jiko nikasema kwamba kuanzia kesho mambo ya koti yamekwisha, na atakayekuja kula ataingia ale. Wapishi waliacha kukata vitunguu. Mzee akasema, "Ndiyo, Madam."

Kesho yake saa ya chakula cha mchana nilichungulia mlangoni nikabaki mdomo wazi. Chumba kilikuwa na watu, tena wengi, na kila mmoja amevaa koti. Chini ya ngazi palikuwa na stoo ambayo sikuwahi kuifungua. Humo mzee alikuwa ametunza makoti ya masetla ya miaka na miaka. Yako yaliyosahauliwa na walevi, na yako yaliyoachwa na watu waliokuwa wakihama nchi mizigo ikiwa imejaa. Aliyapiga brashi na kuyatundika kana kwamba wenyewe wangerudi jioni. Sasa alisimama mlangoni akiwavalisha wanunuzi wa mashamba mmoja mmoja, akiwafunga tai kwa mikono yake. Mwenyekiti wa kampuni moja, mtu wa mwili, alikuwa ndani ya koti la mtu mwembamba na mikono ilikuwa imeishia kwenye viwiko. Mwingine alifungwa tai juu ya sweta. Babu mmoja alipata koti jeusi lenye mkia nyuma, akalivaa na gambuti zake za kukamulia.

Nilingoja wakasirike. Mimi ningekasirika. Wao walikuwa wanatazamana na kucheka mpaka mbavu zinawauma, na babu mwenye mkia akauliza kama hakuna na suruali yake. Habari zikaenea. Kampuni nyingine zikaja, na ikawa watu wanasema mtu hawezi kununua shamba la setla kabla hajajaribu koti lake. Nikamwendea tajiri nikiwa na matumaini.

"Nimeona. Ni vizuri sana," akasema. "Lakini mpwa wangu nimeshamwahidi. Bado hujamwambia mzee?"

Siku ya mwisho wa mwezi ikanikuta sijasema. Mchana huo kampuni ya yule mwenyekiti mnene ilikuwa inakamilisha kununua shamba la upande wa Moiben, na muuzaji alikuwa amealikwa ale nao. Mzungu akafika na gari limejaa masanduku. Alikuwa na shati na kaptura, maana nguo zake zote zilikuwa zimefungwa. Mzee akamzuia mlangoni.

"Hapana ingia bila koti, Bwana."

Mzungu akacheka. Mzee hakucheka. Nilinyanyuka kwenda kuokoa jahazi, lakini tajiri, kutoka meza yake ya pembeni, alinionyesha kwa kidole nikae. Alikuwa ameacha kunywa chai.

"Mimi iko mgeni ya hawa," mzungu akasema.

"Ndiyo, Bwana. Na hawa wote iko na koti."

Mzungu akatupa macho ndani. Akamwona mwenyekiti. "Ile koti yangu," akasema polepole.

"Ndiyo, Bwana. Ulisahau siku ya Krismasi. Mimi natunza."

"Basi lete."

Mzee akalifikiria jambo hilo kwa haki zake zote. "Bwana, yule ameshaanza supu."

Stoo ilikuwa tupu, kwa sababu kampuni nzima ilikuwa imekuja. Mzee akaenda jikoni akaleta koti la mpishi lililokuwa limetundikwa kwenye msumari, limeungua mkono mmoja na linanuka vitunguu. Mzungu aliligeuza mara mbili, akalivaa, akafungwa tai. Mwenyekiti akamvutia kiti akamwambia karibu.

Kabla ya kutia sahihi, mwenyekiti alisimama akasema anataka kusikia wanachama kwa mara ya mwisho. Wanaokubali shamba linunuliwe wanyooshe mkono. Mikono ikapanda. Mzee wakati huo alikuwa nyuma ya mzungu na bakuli kubwa la supu. Aliliweka bakuli kwenye meza ya kando. Akavua glavu nyeupe, akaiweka begani, akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamhesabu pamoja na wengine na hakuna aliyeshtuka. Walioshtuka ni mzungu, aliyegeuka kitini kumtazama, na mimi. Kumbe muda wote huo alikuwa ananunua hisa za kampuni ile kidogo kidogo kwa mshahara wake. Mkono uliposhuka alivaa glavu, akachukua bakuli, akamwuliza mzungu kama anaongeza.

Walipomaliza kula nilikwenda ofisini kwangu, kachumba ka kando ya jiko, nikajifungia nipange maneno kwa mara ya mwisho. Mlango ukagongwa. Alikuwa mzee, ambaye hakuwahi kunifuata ofisini hata siku moja. Nikataka kuinuka, akanizuia kwa mkono. Alivua tarbushi. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe, nami nilikuwa sijawahi kuziona.

"Madam, naomba ruhusa niache kazi."



"Najua tajiri alikutuma," akaendelea. "Kila asubuhi ulikuwa unaingia jikoni kama mtu amebeba debe ya maji kwa kichwa. Mimi nilikuwa nakuongezea chai ndiyo usiseme. Ungesema mapema ningeenda wapi? Ningerudi kwa mke wangu na hii kofia tu. Sasa niko na shamba. Sasa unaweza kusema, mtoto wangu. Hata mimi nitasikia."

Mzigo wangu wa mwezi mzima ulikuwa umetuliwa, tena na mtu niliyekuwa nimwangushie. Ilinipasa nifurahi. Badala yake nilikasirika, nilimkasirikia tajiri, nikamkasirikia mpwa wake na masharubu yake, nikaikasirikia hata Moiben. Nilimpenda yule mzee, na nilikuwa nimegundua hivyo dakika ile ile. Nikamwambia hapana. Nikasema mimi ndiye meneja na ruhusa sijatoa, na machozi yakaanza kunitoka mbele yake kama mtoto aliyekatazwa kwenda sokoni.

Akanipa kitambaa cha meza, kisafi, akasimama akingoja nimalize. Kisha akauliza kwa adabu zake zote, "Sasa ruhusa imetoka ama bado? Kwa sababu kama bado, wale wa dirishani wanangoja chai."

"Bado," nikasema.

Akavaa tarbushi yake, akaenda kuwapa chai.